Korodani ya mtoto haijashuka: kungoja hadi lini?

Mama wa komini ya Katuba, Lubumbashi, ana mwana wa miezi 14 ambaye korodani yake ya kulia haijawahi kuonekana. Mama mkwe anataka mtoto aachwe mpaka aanze shule, jirani anasifia sindano, na jamaa za mume, ambaye ni mchimba madini, wanadai kwamba kasoro hiyo imetoka katika ukoo wa mama. Anauliza kama aendelee kungoja.

Jibu: Muda wa kungoja umekwisha. Korodani, yaani tezi mbili zinazotengeneza mbegu za kiume, huumbika tumboni mwa kijusi karibu na figo, kisha hushuka kupitia njia nyembamba ya kinena hadi kwenye mfuko wake. Lakini kwa watoto wa kiume wapatao 3 kati ya 100 waliozaliwa kwa wakati, na wengi zaidi miongoni mwa njiti, hukwama njiani. Mama mkwe hakukosea kabisa, kwani nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya kwanza, ila baada ya mwezi wa sita jambo hilo hutokea kwa nadra. Kwa kuwa mfuko huo huwa na joto pungufu kuliko tumbo kwa nyuzi 2 hadi 4, na seli za mbegu huharibika zikikaa kwenye joto, madaktari hupendelea kupasua kati ya miezi 6 na 12, bila kuvuka miezi 18. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu wanaume 16,983 waliopasuliwa kwa sababu hiyo, ulionyesha kwamba waliopasuliwa kabla ya umri wa miaka 13 walikuwa na hatari ya saratani ya korodani takriban mara 2 ya wanaume wengine, na waliochelewa zaidi ya mara 5.

Kipimo cha kwanza ni vidole vya daktari, katika chumba chenye joto, maana baridi ya Juni na Julai huivuta juu hata korodani nzima. Ile inayoteremshwa ikabaki mfukoni haihitaji kisu, bali kuangaliwa kila mwaka. Fedha za ekografia ni heri zitunzwe kwa ajili ya upasuaji, kwani picha hiyo mara nyingi haibadilishi uamuzi, na sindano za homoni hazipendekezwi tena. Katika hospitali ya Jason Sendwe au kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mama aulizie daktari wa upasuaji wa watoto. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, kinena hupasuliwa kidogo, na korodani hushonewa mfukoni. Isipogusika kabisa, hutafutwa tumboni kwa kamera nyembamba.

Kuhusu lawama, jamaa hao wangefaa kunyamaza. Uchunguzi uliofanywa Lubumbashi kati ya 2013 na 2015 uliona kwamba watoto waliozaliwa na kasoro walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba afanyaye kazi ya madini; hautoshi kutaja chanzo kwa mtoto mmoja, wala haumtii baba hatiani, ila unatosha kuonyesha kwamba ukoo wa mama unasingiziwa bila ushahidi.

Wakati wa kusubiri zamu, kinena kikivimba na kuwa kigumu huku mtoto akilia na kutapika, huenda ni ngiri iliyobanwa, yaani utumbo ulionaswa katika njia ileile ya korodani, na apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.