Kichocho cha ziwani: Mwanafunzi, jua kuuliza intaneti

MWANAFUNZI mmoja wa chuo alinijia hapa Kisumu akilalamika kuwa tumbo limemsumbua kwa miezi kadhaa. Alilelewa karibu na ufuo wa Dunga, na tangu utotoni alizoea kuoga ziwani. Nilipomtajia kichocho, alikataa katakata. "Daktari, nimesoma katika intaneti. Kichocho ni damu kwenye mkojo, nami sina."

Alichosoma kilikuwa kweli, ila kilihusu kichocho cha aina nyingine.

Hapa Kenya kuna aina mbili. Schistosoma haematobium, iliyoenea sana Pwani, hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na huleta damu kwenye mkojo. Schistosoma mansoni, iliyoenea katika ufuo wa Ziwa Victoria, hukaa katika mishipa ya matumbo. Mgonjwa huumwa na tumbo, huharisha, na pengine huona damu kwenye kinyesi. Wengine hukaa miaka bila dalili yoyote. Ugonjwa usipotibiwa huweza kudhuru ini, hata mgonjwa akafikia kutapika damu.

Kinyesi cha kijana huyu kilipopimwa kwa hadubini, mayai ya mansoni yalionekana. Alipewa dawa ya praziquantel. Kilichomchelewesha ni namna alivyouliza. Basi wewe zingatia haya:

1. Tumia jina kamili. Andika jina la kisayansi ndani ya alama za kunukuu: "Schistosoma mansoni". Alama hizo huiagiza mashine itafute maneno hayo yakiwa yamefuatana vivyo hivyo.

2. Taja mahali. Ongeza Kisumu, Siaya au Homa Bay. Hapo utaanza kuona kazi za watafiti waliochunguza ugonjwa papa hapa kwetu, wakiwemo wa KEMRI, taasisi yenye kituo Kisian.

3. Ondoa usichokitaka. Tia alama ya kutoa mbele ya neno, bila kuacha nafasi: -haematobium. Lakini tahadhari! Utapoteza pia kurasa nzuri zinazozungumzia aina zote mbili.

4. Chagua mlango wa kuingilia. Ukiongeza site:who.int utapata kurasa za Shirika la Afya Duniani peke yake, site:go.ke itakupa za serikali ya Kenya. Kwa makala za utafiti, ingia PubMed, ambayo imekuwa wazi kwa umma bila malipo tangu 1997.

5. Tazama tarehe. Kurasa nyingi za zamani husema dawa ya kinga ya kichocho ni ya watoto wa shule. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, mahali ambapo angalau watu 10 kati ya 100 wameambukizwa, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima.

6. Usiulize swali lililobeba jibu lake. Ukiandika "mitishamba inayoponya kichocho", utaletewa wauzaji wa mitishamba. Andika "matibabu ya kichocho". Na jibu fupi linaloandikwa na mashine juu ya ukurasa usilimeze hivi hivi. Fungua chanzo chake ujisomee.

Hata hivyo, intaneti haina hadubini. Ikiwa umewahi kuoga, kufua au kuvua ziwani na tumbo linakusumbua, nenda kituo cha afya ukapimwe kinyesi. Kipimo kimoja huweza kukosa mayai yakiwa machache, kwa hivyo dalili zikiendelea rudi upimwe tena. Na ufikapo mbele ya daktari, usimwambie tu unaumwa wapi. Mwambie pia umeoga wapi.