Sikukuu ya muuzaji haiko tarehe 25: nilichojifunza soko la Tengeru

Leo nawapa somo ambalo mimi nimelilipia, nyie mlipate bure.

Nauza nguo za watoto mtandaoni, niko hapa Arusha mjini. Desemba 2023 nilichukua hela ya kikoba, nikaagiza magauni 40 ya Krismasi kutoka Kariakoo, kila moja 12,000. Nilituma hela tarehe 18. Mizigo ya mabasi msimu ule inajaa, wa kwangu ukalala njiani, ukafika Jumamosi tarehe 23 jioni. Nikaposti usiku uleule. Majibu: "Dada, sisi tumeshasafiri." "Dada, nimeshanunua." Nikauza 9. Magauni 31 yakadoda, yaani 372,000 ya watu imekaa kabatini na marejesho ya kikoba yananisubiri. Ya mwisho niliyauza Pasaka kwa 10,000, chini ya bei niliyonunulia.

Mwaka uliofuata nikasema siagizi kitu. Jumamosi tarehe 21 Desemba 2024 tukapanda Hiace na mume wangu na watoto, tunaenda likizo kwa bibi yao Nkoaranga, kule juu mlimani Meru. Tukashuka Tengeru tununue vitu vya sikukuu. Wenyeji mnajua, gulio la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Siku ile hapakuwa na pa kukanyaga: ndizi, kuku wa kienyeji, mitumba chini kwenye maturubai, kila mtu ana mfuko.

Nikasimama kwa mama mmoja anayeuza nguo za watoto. Nikashangaa anapiga bei ya kumaliza wakati Krismasi bado siku nne. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, mbona unamaliza mzigo leo, na Jumatano si siku ya gulio?"

Akacheka. "Marahaba mwanangu. Jumatano ndiyo Krismasi yenyewe, watu wako kanisani. Sikukuu yangu mimi ni leo."

Hapo nikaelewa kosa langu la 2023. Nilikuwa nahesabu siku za kufika tarehe 25, mama anahesabu siku ya mwisho ambayo mteja ana hela mkononi na bado yuko njiani. Hata Ujerumani, soko la Krismasi la Dresden, lililoanza mwaka 1434, hufunguliwa wiki kadhaa kabla na siku hizi hufungwa tarehe 24. Soko la sikukuu huisha kabla ya sikukuu.

Nilikaa pale karibu saa nzima, watoto wanalalamika njaa. Haya ndiyo niliyobeba:

1. Funga oda kwa tarehe ya safari. Mteja wa Arusha anayekwenda Moshi, Rombo au Singida anaondoka siku kadhaa kabla. Mwulize mapema, "Unasafiri lini?" Tarehe hiyo ndiyo mwisho wako, toa na siku tatu za mzigo kuchelewa.

2. Weka bei. Pale Tengeru nyanya ziko kwenye fungu, viazi kwenye kisado, bei inatajwa kwa sauti. Hakuna anayeambiwa "njoo inbox". Mwenye haraka hana muda wa kukuuliza, anahamia kwa jirani.

3. Toa vipimo. Nilimwona baba mmoja anatoa kijiti mfukoni, amekikata sawa na mguu wa mtoto wake, anakiingiza kwenye kiatu. Mtoto yuko nyumbani. Mteja wako wa mtandaoni ni huyo baba. Ukiandika "miaka 5" tu hujamsaidia, watoto wa miaka 5 hawalingani. Pima gauni kwa futi ya fundi, andika urefu na kifua kwa sentimita.

4. Andaa mzigo wa Januari. Chini ya meza yake mama alikuwa na mifuko imefungwa. Nikadhani ni magauni ya akiba. Akafungua: masweta ya shule na soksi nyeupe. "Tarehe 25 ikipita, mzazi haangalii gauni tena. Shule zinafungua." Hela anayopata kwenye magauni anaihamishia huko, haimalizii kwenye pilau.

Desemba 2025 nikajaribu. Niliagiza magauni 30 tu, mzigo ukafika mwishoni mwa Novemba. Oda za mikoani nikazifunga tarehe 15. Tarehe 20 yalibaki 4, nikayashusha bei siku hiyohiyo. Sitawadanganya, kuna wateja walinitafuta tarehe 22 nikawakosa, na wawili walinuna. Iliniuma. Lakini kikoba nililipa kwa wakati, na Januari niliingia na soksi na masweta badala ya madeni.

Chukua kalenda sasa hivi. Mwaka 2026 Krismasi inaangukia Ijumaa. Zungushia siku wateja wako wanapoanza kusafiri, rudi nyuma siku tatu, andika "mwisho wa oda". Halafu ukipata nafasi nenda gulio la karibu na wewe, nunua kitu, simama uangalie wenzetu wanavyouza.

Wewe mwaka jana mzigo gani ulikudodea, na uliufikisha tarehe ngapi? Tuambie, tujifunze pamoja.