Dondoo muhimu: Kupendeza kwenye baridi ya Njombe

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe na Makete ni kali; kwenye uwanda wa Kitulo, takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, sakitu huanguka alfajiri.

• Vaa kwa tabaka. Ndani fulana ya mikono mirefu, katikati sweta, juu koti la kuzuia upepo. Hewa inayonaswa kati ya nguo ndiyo inayotunza joto, kwa hiyo zisikubane. Jua la mchana likiwaka, unavua moja moja.

• Kama utatembea sana, ndani usivae pamba: ikilowa jasho huchelewa kukauka.

• Sweta na koti viwe vya rangi tulivu, kijivu au kahawia, skafu iliyofumwa kwa mkono ipate kung'ara. Hapo ndipo pa kutumia pesa, na mfumaji anastahili bei yake. Muulize uzi ni wa aina gani. Wa sufu hufuliwa kwa maji ya baridi, haukamuliwi kwa kusokota, na huanikwa umelazwa, ukitundikwa hurefuka.

• Kofia ikiwasha paji la uso, itie bitana ya kipande laini cha kitenge.