Mwongozo wa Kununua Ploti kwa Shilingi 1,500: Ulipie au Uache?

Siku hizi ukifungua Facebook au kikundi chochote cha WhatsApp cha Pwani Kusini, hukosi tangazo la aina hii: "Pata kitabu cha siri za kuwekeza kwenye ardhi Diani. Bei ilikuwa 5,000, leo ni 1,500 tu. Tuma pesa, utumiwe PDF papo hapo." Dakika mbili, PIN imeingia, pesa imeenda.

Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo hatukwambii usinunue vitabu. Mwongozo mzuri wa 1,500 unaweza kukuokolea laki tano. Mbaya nao unaweza kukupa ujasiri wa kutoa laki tano ambazo hutaziona tena. Shida ni kwamba kwenye tangazo vyote viwili vinafanana. Basi kabla hujalipa, jiulize maswali haya matano.

1. Kimeandikwa lini?

Sheria za ardhi na kodi hubadilika. Chukua mfano wa kodi ya faida anayopata muuzaji wa ardhi. Mpaka mwisho wa 2022 ilikuwa asilimia 5. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Muuzaji ndiye anayelipa, lakini wauzaji wengi huipandisha juu ya bei, kwa hivyo inakuhusu wewe pia. Kitabu kinachosema asilimia 5 ni cha zamani, hata kama jalada lake limeandikwa "toleo jipya".

Kuna jambo zito zaidi. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti iliyo karibu na bahari kule Nyali. Kampuni ilikuwa na hatimiliki mkononi. Kaunti ikasema pale ni mahali pa umma, ni njia ya watu kufika ufuoni. Mahakama ikaamua kwamba hatimiliki peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Yaani, lazima uchunguze ardhi ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, na kwa utaratibu gani.

Sasa muulize muuzaji wa kitabu: je, kinafundisha kuchunguza historia ya hatimiliki, au kinasema "fanya sachi, ukiona jina la muuzaji, lipa"? Ushauri wa pili hautoshi tena, hasa kwa ploti za ufuoni.

2. Kinaijua Kwale, au ni cha kila mahali?

Vitabu vingi vinavyouzwa barabarani ni vya Marekani. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka 1997, kimewapa watu wengi hamu ya kuwekeza, na hilo si baya. Lakini hakikuandikwa kumfundisha mtu wa Chale namna ya kununua ploti Msambweni. Hamu ni kitu kimoja, utaratibu ni kitu kingine.

Kitabu kinachostahili pesa yako kitakueleza mambo ya huku kwetu:

- Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, yaani Land Control Board. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, na bila idhini mauzo ni batili.
- Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Tuseme ploti ni 600,000. Tofauti ni kati ya shilingi 24,000 na 12,000. Ukipigiwa hesabu isiyo sahihi, unakwama njiani.
- Mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Pwani watu wengi wanaishi kwenye ardhi yenye hatimiliki ya mtu mwingine. Ukiona minazi, nyumba au makaburi, uliza ni ya nani.
- Kaya ni ardhi iliyolindwa. Kaya Kinondo ni mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ploti "ya bei poa" iliyopakana na msitu wa kaya inahitaji maswali zaidi, tena kwa wazee wenyewe.
- Asiye raia wa Kenya hamiliki ardhi moja kwa moja. Kifungu cha 65 cha Katiba kinampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kama unanunua na mwenzio wa kigeni, hapa ndipo pa kuanzia.

Kama kitabu hakigusi hata nusu ya haya, kinauza ndoto.

3. Mwandishi anapata faida wapi?

Soma tangazo mpaka mwisho. Mara nyingi ukurasa wa mwisho wa mwongozo una ploti za kuuza, na simu ya kulipia arbuni. Hapo 1,500 si bei ya kitabu, ni bei ya mlango. Kwani mwenye ploti atakwambia kasoro za ploti yake?

Angalia pia ahadi zake. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia ya kufika Pwani Kusini bila feri ya Likoni, na ni kweli jambo hilo linaweza kusukuma bei. Lakini anayekuhakikishia kwamba pesa yako itakuwa mara mbili kwa miaka miwili hana uwezo wa kuhakikisha hivyo. Na usidanganywe na ISBN. Hiyo ni namba ya kutambulisha kitabu, haimaanishi kuna mtu aliyekagua yaliyomo.

4. Nitapata nini ambacho siwezi kupata bure?

Sheria za Kenya na hukumu za mahakama, pamoja na hiyo ya Dina, husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Maswali kuhusu bodi ya ardhi unaweza kumuuliza chifu. Kwa hivyo mwongozo uongeze kitu: mpangilio wa hatua, orodha ya nyaraka, mfano wa hesabu ya gharama zote, lugha rahisi. Omba uone yaliyomo na kurasa mbili tatu kabla ya kulipa. Mwenye kitabu kizuri hana sababu ya kukuficha.

Pia pima na matumizi mengine ya pesa hiyo. Kwa mama karanga au kijana wa boda, 1,500 ni pesa ya kazi. Kama tayari una ploti unayoitaka, ni heri pesa hiyo iende kwenye sachi rasmi na nauli ya kufika ofisi ya ardhi Kwale. Kitabu kinafaa zaidi kwa yule ambaye bado anajifunza na hajachagua ploti.

5. Ninalipa nani?

Hapa ndipo penye kazi yetu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Je, ni la mwandishi au la biashara iliyotangazwa? Ukiona jina geni, simamisha, hata kama umeambiwa "ni la mhasibu wetu". Lipia kwa namba ya Till au Paybill ya biashara inapowezekana, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Usimpe mtu PIN wala namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako, eti ndipo kitabu kifunguke. Na ukiharakishwa kwamba "ofa inaisha saa sita", iache iishe.

Hesabu ya mwisho

Kitabu kikipita maswali yote matano, kinunue bila wasiwasi. Kikianguka swali la tatu au la tano, usilipe. Kikianguka mengine, subiri na uulize zaidi.

Na hata kikiwa kizuri vipi, kitabu hakitembei mpaka kwenye ploti. Sachi, wakili, mpima ardhi na mazungumzo na majirani bado ni juu yako. Kama uko kwenye chama, peleka maswali haya kwenye kikao kijacho kabla ya mtu yeyote kutuma arbuni.