Kumpima Mkimbiaji Chipukizi

Wenzangu, siku ya michezo sisi huuliza tu: nani kashinda? Hilo halitoshi. Kijana aliyebaleghe mapema huwaacha wenzake mbali, kisha nao wakikua wanamfikia. Kwa hivyo uliza kwanza umri wake, halafu mtazame mzunguko wa mwisho: mabega yamepanda? Hatua zimefupika?

Pia, je, mbio hizo ndizo zake? David Rudisha alikuwa mtu wa mita 400. Bruda Colm O'Connell, kocha wa Iten, akamshauri ajaribu mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. 2012 kule London akatumia dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia!

Sasa yule wetu hapa Salgaa, anayemaliza wa nne kila mara, tusimwondoe kikosini. Ana miaka 14 tu, na mabega yake hayapandi.