Fundi akitaka kuitoa ABS ya gari lako, dai karatasi kwanza

Taa ya manjano ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapokanyaga breki ghafla, inawaka kwenye dashibodi ya gari kuukuu. Fundi analipima, anatikisa kichwa, kisha anasema moduli imekufa, mpya ni ghali, afadhali itolewe na paipu ziunganishwe moja kwa moja ili gari libaki na breki za kawaida. Katika gereji nyingi za Kenya ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na mwenye gari hukubali papo hapo kwa sababu bei inampendeza. Matatizo huja baadaye, mbele ya mkaguzi, kampuni ya bima au hakimu, anapojikuta hana hata karatasi moja ya kuonyesha nini kilifanywa na nani.

Je, kuitoa ni kosa? Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakitaji ABS kwa jina. Kinachodai ni kwamba gari na sehemu zake zote zitunzwe katika hali ambayo kuliendesha hakutahatarisha watumiaji wengine wa barabara wala abiria waliomo. Kwa hivyo utapimwa kwa breki ulizobaki nazo na jinsi zinavyosimamisha gari. Zikipatikana mbovu, kifungu cha 58 kinaruhusu faini isiyozidi Sh400,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au adhabu zote mbili. Dereva hashtakiwi peke yake. Mwenye gari aliyeruhusu litumike katika hali hiyo naye yumo.

Ndiyo maana inakupasa kuelewa kidogo kile fundi anachokwenda kufanya. Gari lililoundwa bila ABS kwa kawaida huwa na vali inayopunguza shinikizo la mafuta ya breki yanayokwenda magurudumu ya nyuma. Magari mengi yenye ABS ya miaka ya karibuni hayana vali hiyo, kwa kuwa kazi yake hufanywa na moduli kwa amri ya kompyuta. Moduli ikitolewa na vali isiwekwe, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kabla ya yale ya mbele unapokanyaga breki ghafla, hasa barabara ikiwa na maji, na gari likazunguka. Masta silinda nayo huenda isilingane na mpangilio mpya. Yako pia magari ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambayo ABS yake imeungwa pamoja na pampu inayousaidia mguu wako. Ukiitoa ovyo, pedali inabaki ngumu kama jiwe.

Kubadilisha mfumo kikamilifu, kwa vipuri vya toleo la gari hilohilo lisilo na ABS, kunawezekana. Kukata paipu, kuziunga na kisha kuchomoa balbu ya taa ili dereva asione kitu ni hatari, na mimi nasema wazi kwamba hakuna mteja anayepaswa kukubali kufanyiwa hivyo.

Tena mara nyingi kilichoharibika ni sensa ya gurudumu moja au waya wake tu. Hitilafu ya aina hiyo ikitokea, katika magari mengi ABS hujizima na breki za kawaida huendelea kufanya kazi, hivyo una nafasi ya kudai gari lipimwe kwa mashine na uonyeshwe kosa lililosomwa. Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, usiliendeshe.

Sasa haki zako kwenye gereji. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora wa kuridhisha, maelezo anayohitaji, ulinzi wa usalama wake, na fidia akipata hasara. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari, na wenye magari wengi hawajawahi kuisikia. Fundi anatakiwa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kazi, na bei ya mwisho isiyapite kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi ambayo hukuidhinisha hapaswi kukulipisha. Ukipeleka gari libadilishwe pedi ukakuta moduli ya ABS imeng'olewa, hiyo ni kazi ambayo hukuidhinisha.

Vipuri vilivyotolewa ni vyako, na fundi anapaswa kukurudishia isipokuwa umemwambia huvihitaji. Usimwambie hivyo. Moduli ya zamani inaweza kuwa ushahidi, na wakati mwingine hutengenezeka. Vipuri vipya au vilivyokarabatiwa, pamoja na kazi ya kuvifunga, vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Dhamana hiyo imo kwenye sheria hata kama risiti haiitaji.

Kuhusu bima, watu wengi huogopa kwamba gari likigonga mtu, kampuni itakataa kumlipa. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, haiiruhusu kampuni kumnyima mtu wa tatu fidia kwa kisingizio cha hali ya gari. Lakini ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe ikudai pesa hizo. Na kama una bima inayolipia gari lako mwenyewe, masharti yake kwa kawaida hukutaka ulitunze gari, hivyo hasara yako inaweza kubaki mikononi mwako. Iandikie kampuni kabla ya kubadilisha mfumo wa breki, na utunze jibu lao. Siku ya kuuza gari, mweleze mnunuzi kwa maandishi. Ukimwambia ABS ipo ilhali uliitoa, anaweza kukushtaki kwa udanganyifu.

Mkikosana na fundi, lipeleke gari kwa fundi mwingine alikague na aandike ripoti, piga picha za paipu na viungo, kisha mwandikie fundi wa kwanza barua ukimpa muda wa kurekebisha. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi iwasilishwe. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Kwa hivyo, kabla ya spana ya kwanza kugusa paipu, mwombe fundi aandike mambo haya na kuyatia sahihi: mashine ilisoma kosa gani, atatoa nini, ataweka vali na masta silinda ya aina gani, na kwa bei gani. Asiyekubali kuyaandika, usimwachie gari lako.