Ile 0.01 Bado Inazunguka Riruta

Mtaalamu wa sayansi ya siasa anajibu wasomaji kuhusu uvumi wa uchaguzi.

Swali: Asilimia za kura za urais 2022 zilifika 100.01. Si wizi huo? (Barua kadhaa kutoka Riruta, Satellite na Kawangware)

Nawajibu wote kwa pamoja: si wizi, na swali hili limenichosha. Ruto alipata asilimia 50.4899 hivi, Odinga 48.849, Wajackoyah 0.436, Mwaure 0.225. Ukibakisha tarakimu mbili baada ya nukta, wote wanne wanapanda: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Jumlisha mwenyewe. Hakuna karatasi hata moja ya ziada iliyotumbukizwa sandukuni. Basi tuseme hiyo asilimia 0.01 ya ziada ni kura: kura halali zilikuwa takriban milioni 14.2, kwa hiyo tunazungumzia kama 1,420. Ruto aliivuka nusu kwa karibu 70,000. Lakini siku moja baada ya matokeo, makamishna wanne wa tume ya uchaguzi, IEBC, walitangaza kuwa ni kama 142,000. Walizidisha mara mia, nchi nzima ikasikiliza, na kikokotoo kiko kwenye kila simu!

Swali: Seva zilidukuliwa?

Mahakama ya Juu ilipekua na kuyatupa madai hayo tarehe 5 Septemba 2022.

Swali: Kwa hiyo wanaolalamika wote ni waongo?

Sijasema hivyo. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliamuru seva zifunguliwe, IEBC ikashindwa kutii ipasavyo, na Septemba mosi uchaguzi wa urais ukafutwa. Tume inayoficha huwalisha wazushi bure. Mwaka 2022 fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo, ziliwekwa mtandaoni kwa kila mtu. Wengi wanaoniandikia hawajafungua hata moja.

Swali: Cambridge Analytica ndiyo iliyotuchagulia rais 2013 na 2017?

Wakuu wa kampuni hiyo ya ushauri wa kampeni walinaswa na kamera ya siri wakijisifu kwa kampeni hizo. Kujisifu kwa mfanyabiashara si ushahidi kwamba bidhaa yake inafanya kazi.

Swali: Mjomba ndiye msimamizi wa kundi letu la WhatsApp la ploti na anafowadi kila uvumi. Nimjibu vipi?

Mwombe picha ya fomu.

Swali: Nilinde kura yangu wapi, kwenye kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura pale Bomas, Nairobi?

Kituoni kwako. Fomu 34A hubandikwa mlangoni baada ya kuhesabu. Ipige picha kabla hujaenda kulala. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na Nairobi haiwezi kuyabadilisha. Anayekuuzia "matokeo halisi" kwa WhatsApp saa nne usiku hana fomu 34A.